Kadi ya hoteli ya dola 500 kwa dola 440: punguzo linatoka wapi, na linabaki kiasi gani

Novemba ikielekea ukingoni, Marekani nzima ikiwa kwenye pilikapilika za Black Friday, makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya wanaoishi kule hujaa picha za kadi za zawadi. Hoteli hii inauza kadi ya dola 100 kwa 90, duka lile lina ya 500 kwa 440. Desemba kuna harusi Dallas, kuna ndugu anapokewa Washington, watu watahitaji vyumba. Mmoja anaandika "changamkieni fursa", mwingine anajibu kwamba hakuna mtu anayeuza dola 100 kwa dola 88 bila sababu.

Huyu wa pili ana haki ya kushuku, ila sababu ipo na si ya siri. Ukishaielewa unaweza pia kujua ni wakati gani kadi hizi zinakufaa na ni wakati gani unamfaa zaidi aliyekuuzia.

Tuanze na kadi yenyewe. Kadi ya zawadi ya hoteli ni fedha uliyolipa mapema. Umempa mtoaji wa kadi, yaani kampuni yenye jina la hoteli, dola zako leo, naye ameahidi kukupa huduma ya thamani hiyo siku utakayoitaka. Kwa lugha ya mahesabu, dola zako zinaandikwa kwenye vitabu vyake kama deni, na zinabaki deni mpaka siku utakapolala. Kwa hiyo umemkopesha. Hukumdai riba, hukumwekea tarehe ya kurejesha, na umekubali akulipe kwa chumba, tena kwa bei atakayoipanga yeye mwenyewe siku hiyo. Ukiitazama hivyo, asilimia 10 au 12 anayokukatia inaanza kuonekana kama malipo ya mkopo huo.

Halafu kuna fedha ambazo hazirudi kudaiwa kabisa. Kadi hupotea, huachwa kwenye droo, au hubaki na dola 6 ambazo hakuna anayezikumbuka. Kampuni hukadiria kiasi ambacho hakitatumika kamwe na, sheria za majimbo zikiruhusu, kukiandika kama mapato. Mfano unaojulikana zaidi uko nje ya hoteli: Starbucks hushikilia zaidi ya dola bilioni 1 za wateja zilizolala kwenye kadi na programu yake ya simu, kiasi ambacho benki nyingi za kwetu zingekitamani kama amana. Hoteli zinacheza mchezo huohuo kwa kiwango kidogo zaidi.

Hiyo ni sababu ya mtoaji wa kadi. Ila kadi nyingi hazinunuliwi kwake moja kwa moja, na kila mlango una punguzo la aina yake.

Mlango wa kwanza ni maduka makubwa. Zile kadi zinazoning'inia karibu na kaunta ya malipo hupitia mikononi mwa makampuni machache ya usambazaji, Blackhawk Network na InComm yakiwa ndiyo makubwa. Mtoaji wa kadi humwachia msambazaji asilimia fulani ya thamani yake, msambazaji anagawana na duka, na duka likitaka kuvuta wateja linakurudishia sehemu ya fungu lake. Costco, kwa mfano, imekuwa ikiuza kadi ya shirika la ndege la Southwest ya dola 500 kwa takriban 450. Haipati hasara hapo, kwa sababu nayo haikuipata kadi hiyo kwa 500. Huu ndio mlango salama kuliko yote, na ndio ninaoupendekeza kwa anayeanza.

Mlango wa pili ni masoko ya kadi za mitumba, kama CardCash. Mtu amepewa zawadi ya kadi ya hoteli na hasafiri, anaiuza kwa soko hilo chini ya thamani yake, soko linaongeza faida kidogo na kukuuzia wewe. Punguzo hapa hupanda na kushuka kila siku kufuatana na kadi zilizopo. Kadi za hoteli zinazokubalika sehemu nyingi hukatwa kidogo kwa kuwa zinagombaniwa. Ukiona kadi ya jina kubwa imekatwa asilimia 30, jiulize kwanza ni nini kimemkimbiza mwenyewe.

Mlango wa tatu haukati bei hata senti, ila ndio unaopendwa na wakusanya pointi za kadi za mkopo. Kuna kadi za mkopo zinazolipa zaidi ukinunua kwenye maduka ya aina fulani. Ink Business Cash ya benki ya Chase hurejesha asilimia 5 kwenye maduka ya vifaa vya ofisi, hadi ukomo wa dola 25,000 kwa mwaka ukijumlisha na bili za simu na intaneti. Na maduka ya vifaa vya ofisi, pamoja na karatasi na wino, huuza kadi za hoteli. Unanunua kadi kwa bei kamili, unalipwa asilimia 5 kana kwamba umenunua kalamu. American Express kwa upande wake imeandika kwenye masharti yake kwamba ununuzi wa kadi za aina hii hauhesabiwi, na ingawa wapo wanaosema mbona wao walipata, hilo ni jambo la kuombea tu. Costco za Marekani nazo hazipokei kadi ya mkopo yoyote zaidi ya Visa, tangu 2016, kwa hiyo mwenye Mastercard au American Express aende na kadi ya benki inayokata akaunti moja kwa moja au fedha taslimu.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo asilimia 12 inapoanza kuyeyuka.

Chukua mfano wa usiku tatu kwa dola 150 kila mmoja. Hizo ni 450. Weka kodi ya asilimia 13, unafika dola 508.50. Una kadi ya 500 uliyoinunua kwa 440, unaitoa, na dola 8.50 zilizobaki unalipia kwa kadi yako ya mkopo. Umeokoa dola 60, ndivyo utakavyowasimulia watu.

Lakini je, usingekuwa na kadi ya zawadi ungelipaje? Tuseme una kadi ya mkopo inayorejesha asilimia 5 kwenye hoteli. Ungelipa 508.50 na kurudishiwa 25.43, gharama yako halisi ingekuwa 483.07. Kwa njia ya kadi ya zawadi ulilipa 440 dukani, ukarudishiwa asilimia 1 tu kwa sababu duka si hoteli, yaani 435.60. Ongeza zile 8.50, toa senti zake za asilimia 5, unapata jumla ya dola 443.67. Tofauti kati ya njia mbili ni dola 39.40. Punguzo lililokuwa asilimia 12 limekuwa chini kidogo ya asilimia 8. Bado ni fedha, sikatai, lakini kama kadi ilikuwa imekatwa asilimia 5 tu tangu mwanzo, ungejikuta umehangaika kwa ajili ya dola 5 au hata pungufu.

Na kuna bei nyingine inayosahaulika kila mara. Hoteli kubwa huweka bei mbili kwa chumba kilekile: moja unayoweza kuifuta hadi siku moja au mbili kabla, na nyingine ya chini zaidi ambayo unalipa yote papo hapo na hairudishwi. Ile ya chini hutozwa kwenye kadi yako ya mkopo siku ya kuweka nafasi. Kadi ya zawadi, kwa hoteli nyingi, hutumika kaunta tu. Maana yake kadi na bei ya chini haviendi pamoja. Kama bei ya kulipia mapema ni pungufu kwa asilimia 10 na kadi yako imekatwa asilimia 10, huna ulichookoa upande wa fedha. Ulichopata ni uhuru wa kufuta safari, na kwa mtu ambaye ratiba ya kazi hubadilika wiki hiyohiyo, kama wauguzi wengi ninaowafahamu, uhuru huo una thamani yake. Ila usiuite punguzo.

Kuna pia ile ofa ya "nunua kadi ya 100, upate ya 20 bure". Macho yanasoma asilimia 20. Kwa kweli umelipa 100 kwa thamani ya 120, yaani punguzo la asilimia 16.7, na hapo ni endapo zile 20 utazitumia. Sheria ya shirikisho ya Marekani iliyopitishwa mwaka 2009, na vipengele vyake vya kadi za zawadi kuanza kazi Agosti 2010, inakataza kadi ya zawadi iliyolipiwa kuisha muda kabla ya miaka 5, na inazuia kutozwa ada ya kutoitumia mpaka ipite miezi 12 bila kuguswa. Lakini kadi ya nyongeza uliyopewa bure kama promosheni haimo kwenye ulinzi huo. Inaweza kufa baada ya miezi mitatu, ikiwa imeandikwa wazi kwa maandishi ambayo hakuna anayeyasoma. Ndiyo maana hutolewa Desemba na kuisha kabla watu hawajaanza kusafiri majira ya joto.

Tuje kwenye neno moja dogo nyuma ya kadi, lile linalosema inakubalika kwenye hoteli "zinazoshiriki". Watu huliruka, na ndilo lenye kisa chote.

Marriott ina zaidi ya hoteli 9,000 duniani, lakini majengo inayoyamiliki yenyewe ni machache mno. Nyingi ni mali ya watu wengine: mfanyabiashara wa Ohio mwenye majengo matatu, mfuko wa uwekezaji wa New York, familia fulani ya Florida. Wamelipia haki ya kutumia jina, mfumo wa kuweka nafasi na viwango vya huduma. Hilton na Hyatt zinaenda kwa utaratibu unaofanana na huo. Sasa wewe ulilipa dola 440 kwa duka, duka likalipana na kampuni ya jina, lakini chumba ulicholala ni cha mwenye jengo, ambaye hakuona hata senti ya fedha ile. Kwa hiyo kaunta ikiisoma kadi yako, hoteli lazima nayo ilipwe na kampuni mama kupitia mfumo unaoziunganisha. Hoteli isiyo kwenye mfumo huo haiwezi kupokea kadi hata kama jina mlangoni ni lilelile lililoandikwa kwenye kadi.

Hapa ndipo wasomaji wa Afrika Mashariki wanapohusika moja kwa moja. Mtu anayeishi Minneapolis ananunua kadi akiwaza Krismasi ya nyumbani: Hyatt Regency ya Dar es Salaam, ile Kilimanjaro ya zamani, au Park Hyatt ya Zanzibar, au JW Marriott ya Nairobi. Kadi imetolewa Marekani, kwa dola, kwa masharti ya Marekani, na orodha ya nchi na hoteli zinazoipokea ni fupi kuliko orodha ya hoteli zenye jina hilo. Piga simu hoteli yenyewe, uliza kitengo cha mapokezi au uhasibu, taja kadi kwa jina lake kamili, na mwambie ni ya kutoka Marekani. Jibu la kituo cha simu cha kampuni mama halikusaidii kitu saa sita ya usiku ukiwa umesimama kaunta ya Kivukoni, Dar es Salaam, na mabegi manne.

Majina nayo hubadilika. Hiyo Kilimanjaro ilikuwa Kempinski kabla ya kuwa Hyatt. Hilton ya Nairobi, lile jengo la mviringo lililokuwapo katikati ya jiji tangu 1969, ilifunga milango mwisho wa 2022. Aliyenunua kadi kwa ajili ya hoteli moja mahususi ameweka dau kwamba mkataba kati ya mwenye jengo na mwenye jina utadumu hadi yeye afike.

Ukiwa Marekani kwenyewe, shughuli kaunta inaenda hivi. Siku ya kuingia wanachukua kadi yako ya mkopo na kuzuia kiasi cha chumba pamoja na cha ziada kwa ajili ya vitu vidogo utakavyotumia. Kadi ya zawadi haifanyi kazi hiyo, kwa hiyo usiende ukiwa nayo peke yake. Mwambie mhudumu tangu mwanzo kwamba utalipa kwa kadi ya zawadi, na umwombe aandike kwenye taarifa za nafasi yako. Usiku wa mwisho, wakati umelala, mfumo wa hoteli nyingi hufunga bili wenyewe na kuitoza kadi iliyo kwenye faili. Asubuhi unakuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango, salio sifuri, na kadi yako ya zawadi bado imejaa. Kuigeuza bili iliyofungwa kunawezekana lakini kunamhitaji meneja, na meneja huingia saa mbili wakati ndege yako ni saa moja. Shuka mapokezi jioni ya mwisho. Mpe kadi, subiri akwangue namba ya siri na kuiingiza, na usiondoke mpaka akuchapishie bili inayoonyesha kadi ya zawadi kama njia ya malipo. Zamu ya usiku mara nyingi huwa na kijana mmoja ambaye hajawahi kuigusa kadi ya aina hiyo. Kumharakisha hakumsaidii yeye wala wewe.

Jambo zuri ni kwamba njia ya kulipa haigusi pointi zako za uanachama wa hoteli. Ukiwa umeweka nafasi kwa hoteli moja kwa moja, pointi na usiku wako vinahesabiwa kama kawaida. Kadi za mawakala wa mtandaoni kama Hotels.com ni habari nyingine. Zenyewe hutumika kwenye tovuti yao, wakati wa kulipia, wala kaunta ya hoteli haizijui kabisa. Faida yake ni kwamba zinakufikisha hoteli nyingi za majina tofauti. Hasara yake ni kwamba hoteli inakuhesabu kama mgeni wa wakala, kwa kawaida bila pointi zake na bila heshima za uanachama wako.

Kinachokwenda na maji unapolipa kwa kadi ya zawadi ni ulinzi. Kadi ya mkopo inakuruhusu kupinga tozo kama huduma haikutolewa, haki iliyopo kisheria Marekani tangu miaka ya 1970, na baadhi ya kadi hukuongezea bima ya safari. Ukilipa kwa kadi ya zawadi, mgogoro ni wako na hoteli tu. Ukirejeshewa fedha, zinarudi kwenye kadi ya zawadi, si mfukoni. Na kampuni ikifilisika, mwenye kadi hupanga foleni na wadai wasio na dhamana. Toys R Us ilipoanguka mwaka 2018 iliwapa wateja takriban siku 30 watumie kadi zao. Bed Bath & Beyond mwaka 2023 iliwapa wiki mbili tu. Makampuni makubwa ya hoteli hayako karibu na hali hiyo, lakini ndiyo sababu sioni busara ya mtu kujaza dola 3,000 za kadi kwa sababu tu zimekatwa bei. Nafasi iwe imeshawekwa, tarehe zijulikane, ndipo kadi inunuliwe kwa kiasi cha bili hiyo. Ukinunua wiki mbili kabla ya safari, mkopo uliompa mtoaji wa kadi ni wa wiki mbili, na punguzo unalipata lilelile alilopata aliyemkopesha mwaka mzima.

Wezi nao wamelijua soko hili vizuri. Kuna wanaochukua kadi dukani, wanafungua pakiti kwa ustadi, wananakili namba na kuzifunika tena, kisha wanazirudisha rafuni na kusubiri. Wewe unapolipia na kadi kuwashwa, programu yao inaona salio limeingia na kulikomba kabla hujafika kwenye gari. Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ina operesheni maalumu dhidi ya mtandao huo, na jimbo la Maryland limepitisha sheria ya kulazimisha vifungashio vinavyoonyesha vimeguswa. Chagua kadi ya kidijitali inayotumwa kwa barua pepe na muuzaji anayefahamika. Ukilazimika kununua ya dukani, papasa ule ukanda wa kukwangua kwa kidole; stika iliyobandikwa juu ya nyingine huhisika.

Kwenye masoko ya mitumba hatari ni ya kuchelewa. Kadi inaweza kuwa ilinunuliwa kwa kadi ya mkopo iliyoibwa. Mwenye mali akigundua, mtoaji anaifuta, na salio linakufia wewe. Masoko yenye jina hutoa dhamana ya muda maalumu, na muda huo unahesabiwa toka siku ya kununua, sio siku ya kulala. Kadi uliyonunua Januari kwa safari ya Julai inaweza kuwa nje ya dhamana siku unapoihitaji. Itumie mapema, na hifadhi picha ya risiti na salio.

Kuhusu zile kadi za "nusu bei" zinazotembezwa Telegram na wauzaji wa Nairobi, Dar au kwingineko, sina la kubembeleza. Kadi za zawadi ni njia inayopendwa na matapeli wa Marekani kukusanya fedha za wazee waliotishwa kwa simu kwamba wanadaiwa kodi. Kadi hizo zikishatolewa namba lazima zigeuzwe fedha upesi, na upesi huo ndio unaozaa nusu bei. Mnunuzi wa mwisho ndiye anayefika kaunta akiwa na jina na pasipoti yake.

Salio dogo likibaki, usiliache. Majimbo kadhaa, California ikiwemo, humruhusu mwenye kadi kudai fedha taslimu salio likishuka chini ya kiwango fulani. Kwingineko, njia rahisi ni kumwomba mhudumu akate kwanza kadi yenye senti chache, kisha ile iliyojaa, na mwisho kadi ya mkopo. Mpange kwa utaratibu huo mwenyewe, maana akianza na iliyojaa utaondoka tena na dola 6 kwenye pochi.